Waliompunguzia Maji

Asubuhi ile miguu ya Karani haikuamka pamoja naye. Mumewe alikuwa chumba cha mbele, ambacho ndicho karakana yake, amepiga magoti mbele ya kochi la mteja, anang'oa pini za zamani kwa bisibisi, aliposikia akiitwa. Hakuitwa kwa sauti kubwa. Hilo ndilo lililomtia hofu, kwa sababu mkewe alikuwa mtu wa sauti. Miaka kumi na tisa ya kusoma ushahidi mbele ya hakimu haimfundishi mtu kunong'ona.

"Fundi."

"Naam."

"Njoo peke yako."

Alimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, ameshika paja la kushoto kwa mikono miwili, analinyanyua kama mtu anayenyanyua mzigo wa mwenzake. Alipoliachia likaanguka. Akashika la kulia, nalo likaanguka. Midomo yake ilikuwa imebabuka, na ulimi ulikuwa mzito kama wa mtu aliyetoka kung'olewa jino.

"Huu wa kulia jana ulikuwa mzima," alisema. "Jana nimepanda nao ngazi za mahakama. Nani kauchukua?"

Alikuwa akijaribu kufanya mzaha, lakini macho hayakuwemo kwenye mzaha huo. Fundi akachuchumaa, akashika vidole vya mguu mmoja mmoja. Vilikuwa na joto.

"Hapa unasikia?"

"Nasikia kama umenishika juu ya soksi. Na sikuvaa soksi."

Katika nyumba ile ugonjwa haukutajwa jina. Daktari bingwa aliutaja kwa herufi mbili za kigeni, MS, akawachorea kwenye karatasi: mishipa ya fahamu ni kama nyaya za umeme, kila waya una ganda lake. Mwenye ugonjwa huu, kinga ya mwili wake mwenyewe humgeuka, ikala lile ganda, na habari zinazotoka kichwani kwenda mguuni zikapotelea njiani. Dawa ya kuumaliza hakuna, ipo ya kuutuliza. Fundi alielewa kwa lugha ya kazi yake: ni kochi linaloliwa na mdudu aliyeshonewa humo humo ndani. Tangu siku ile wakauita "Yule". Miaka miwili nyuma Yule alikuja kwa wiki sita, akaondoka na nusu ya nuru ya jicho la kushoto, akamwachia Karani fimbo, na kibofu kisicho na subira: kikisema sasa, ni sasa. Daktari alisema anaweza kurudi siku yoyote. Kwa hiyo waliishi kama watu waliopanga nyumba moja na mwizi, kila mchakacho wanauliza ni yeye?

"Usimwite Mama," Karani akasema. "Shuka kwanza."

Fundi akaivuta shuka. Ilikuwa na doa dogo, rangi ya chai iliyolala, na harufu kali iliyomfanya ageuze uso kabla hajajizuia. Mkewe akaliona lile geuko. Fundi akaikunja shuka haraka, akaitia kwapani, na doa lenyewe hakulifikiria tena. Aliliona tu kama mtu anavyoona kibao cha barabarani kilichoandikwa lugha asiyoijua.

"Kuna nini huko, mbona mmenyamaza kama mna kesi?" Mama yake Fundi alikuwa tayari mlangoni, mikono imejaa povu la sabuni. Akamtazama mkwewe, akatazama miguu, akaikausha mikono yake kwenye kanga polepole, kidole baada ya kidole. "Amerudi?"

Fundi akaibana shuka kwapani.

"Mwanangu, tafuta gari."

*

Kutoka chumbani hadi uani kulikuwa na ngazi tisa. Fundi alizijua kwa mgongo wake, si kwa macho, kwani choo chao cha kuchangia na wapangaji wengine kilikuwa huko huko uani, na tangu fimbo iingie nyumbani, siku mbaya alimshusha na kumpandisha mkewe mara tano, mara sita. Miezi mitatu iliyopita mgongo ulimkamata akiwa ngazi ya nne, mke mikononi. Alisimama pale dakika nzima, anajifanya anamsikiliza jirani. Hakumwambia mtu.

Leo alimshusha mara moja tu, na alikuwa mwepesi. Wepesi ule ulimtisha kuliko uzito.

Mama mwenye cherehani, jirani wa chini, alikimbia kuwafungulia mlango wa teksi. "Pole, Fundi. Dada kazidiwa?"

"Miguu imegoma tu," Karani akajibu mwenyewe.

"Waache wagome, dada. Hata serikali hugomewa, na kesho inaamka ipo pale pale."

Walicheka wote, cheko la kuazima. Gari lilipoondoka, Mama amekaa mbele, Fundi aliona jirani yule amebaki amejishika kifua.

Njiani Fundi alifanya hesabu aliyokwisha kuifanya mara nyingi kwa siri. Mlango wa chumba chao, sentimita sabini na moja. Kiti cha magurudumu alichokipima kwa tepu pale hospitali siku moja, akijifanya ameangusha kitu, sitini na sita. Kiti kingepita, lakini vidole vya anayekisukuma vingekwaruza fremu pande zote mbili. Na chini ya mlango, ngazi tisa. Hesabu ya ngazi hakuipatia jibu.

"Unahesabu nini?" Karani akamuuliza. "Midomo inakucheza."

"Nasali."

"Ijumaa kesi ya kiwanja inasikilizwa. Nimeiandika tangu shahidi wa kwanza. Wakinipa siku moja zaidi ya kutofika, karani mkuu ananishusha masijala, nikapange mafaili kule chini." Aliyasema yale akiwa amefumba macho. "Kule unashuka, Fundi. Watu wa masijala hawapandi tena."

*

Muuguzi waliyemkuta zahanati alikuwa mama mnene mwenye miwani inayoning'inia kifuani kwa uzi wa viatu. Fundi hakumpa nafasi ya kuivaa.

"Sista, mtundikieni ile dripu ya siku tano, ile kali aliyotundikiwa mwaka juzi. Amerudi."

"Karudi nani?"

"Yule. Ugonjwa. MS."

"Alikuja kubisha hodi, ukamwona?" Muuguzi akavaa miwani, akaushika mkono wa Karani. Hakugusa miguu. Akabana ngozi ya nyuma ya kiganja kwa vidole viwili, akaivuta juu, akaiachia. Ngozi ikabaki imesimama kama hema. Wote wanne wakaitazama ikirudi chini taratibu. Muuguzi akampima joto, akapata thelathini na nane na kidogo. Akatazama ulimi.

"Jana ulikunywa nini?"

"Kawaida," Karani akasema.

"Kawaida ya nani? Ngamia naye ana kawaida yake. Nipe saa kwa saa, wewe si mtu wa mahakama? Asubuhi."

"Asubuhi anakunywa chai," Mama akadakia. "Kikombe kikubwa, namwekea mwenyewe kabla hajatoka."

Karani akatazama ukuta. "Naimwaga, Mama."

"Unaimwaga?"

"Kwenye ndoo ya maji machafu. Ukigeuka." Akalamba midomo iliyobabuka. "Hakimu anaingia saa tatu. Akishakaa, hakuna anayenyanyuka mpaka anyanyuke yeye, na anaweza kukaa mpaka saa saba. Mwaka jana niliomba ruhusa mara moja. Wakili mmoja akasema, 'Mheshimiwa, naona karani ana shahidi wa dharura.' Watu walicheka mpaka nafika mlangoni. Sikufika chooni. Nilifika nusu ya ukumbi wa kuendea huko." Kwa mara ya kwanza asubuhi ile sauti yake ilishuka kabisa. "Basi siku za mahakama sinywi. Tangu alfajiri mpaka narudi."

Mama akajifunika mdomo kwa kanga. Fundi hakuwahi kuisikia habari ile. Alikumbuka siku mkewe aliporudi na sweta limefungwa kiunoni juu ya gauni, akasema anasikia joto.

"Mchana," muuguzi akasema, akiandika.

"Mchana nikirudi mume wangu huniletea chupa ya maji, na siku za nyumbani ananiwekea kitandani. Zamani ilikuwa imejaa. Siku hizi ni nusu." Karani alieleza bila lawama, kama anayesoma kumbukumbu. "Daktari bingwa alimwambia nisizidishe maji. Yanavimbisha miguu kwa mtu mwenye ugonjwa wangu."

Kalamu ya muuguzi ikasimama. "Daktari gani kasema hivyo?"

Chumba kilikuwa na feni iliyogonga kila ilipozunguka. Fundi aliisikia ikigonga mara nyingi sana. Alijua kwamba mambo mawili yalikuwa mbele yake: akisema ukweli, mkewe atamjua, akinyamaza, dawa itaandikwa kwa uongo wake. Jasho lilimtoka mgongoni, hasa pale palipouma.

"Hakuna daktari," akasema. "Ni mimi."

"Wewe?"

"Mgongo wangu, Sista. Ngazi ni tisa. Nilidhani akinywa kidogo, tutashuka kidogo."

Karani hakumtazama. Hilo lilikuwa baya kuliko kutazamwa.

"Jioni," muuguzi akaendelea, sauti yake sasa ikiwa ya chini zaidi.

Mama akakohoa. Aliweka pochi yake magotini, akaifungua, akaifunga. "Jioni ni mimi. Kikombe chake cha jioni nilikiondoa tangu mwezi shule zilipofungwa. Nilimwambia maji ya usiku yanapoza mifupa. Lakini nilikuwa nikiona zile shuka zilizolowa."

Muuguzi akavua miwani. Aliwatazama mmoja mmoja kama mwalimu aliyekuta darasa zima limenakili jibu moja la kosa, kila mmoja akidhani amenakili peke yake.

"Kwa hiyo asubuhi kajinyima mwenyewe, mchana kanyimwa na mume, jioni kanyimwa na mkwe. Mmemlea kama ua la plastiki. Na hata ua la plastiki watu hulipangusa kwa kitambaa cha maji. Sikilizeni. Maji kidogo hayapunguzi haja. Mkojo ukikolea unakiunguza kibofu, na kibofu kikiungua kinadai kila saa, hata kama hakina kitu. Humo humo wadudu wanazaliana. Homa ikipanda, nyaya zilizokwisha kuchunika ndizo za kwanza kuzima. Mtu anaona miguu imekufa, anasema ugonjwa umerudi, kumbe ni kiu."

"Kwa hiyo hajarudi?" Fundi akauliza.

"Sijasema hivyo. Mimi si mganga wa ramli. Tutapima mkojo, tutamwekea dripu ya maji na chumvi, tutampa dawa ya wadudu. Ikiwa ni kiu, miguu itaanza kuitika kesho, keshokutwa. Isipoitika mpaka Alhamisi, nitamwandikia rufaa kwa bingwa, na hapo ndipo tutamwita huyo Yule wenu kwa jina lake."

*

Mkojo ulikutwa na wadudu. Dripu ilitundikwa. Na Fundi alikaa kwenye benchi la mbao kando ya kitanda, anatazama tone likianguka, anasubiri mkewe aseme.

Alisema alasiri, chupa ya pili ikiwa nusu. Ulimi ulikuwa umeanza kulainika, na Fundi alipata maneno yote bila hata moja kuburuza.

"Kuchoka nimekuelewa. Hata kunipunguzia nimekuelewa, mimi mwenyewe nilijipunguzia. Lakini kumtia daktari maneno mdomoni! Kila siku naandika watu wamekula kiapo wanasema uongo, nimekaa hatua mbili kutoka kwao. Sikujua mwingine nalala naye."

"Nisamehe."

"Kwa nini hukusema mgongo?"

"Niliogopa. Ungejua mgongo umechoka, ungeacha kunywa maji ili usinichoshe."

Karani akageuza kichwa, akamtazama sasa, kwa jicho lake zima. "Na umeona nimefanya nini?"

Fundi akainamisha kichwa. Alihisi kitu kimemgusa begani. Ulikuwa mkono wa mkewe wenye sindano ya dripu, ameunyoosha kwa shida. Haukuwa mkono wa msamaha. Ulikuwa mkono wa mtu anayeogopa, na hana mwingine wa kumshika.

"Fundi, kama ni Yule?"

"Si yeye."

"Usiseme uongo tena. Kama ni yeye?"

"Kama ni yeye," Fundi akasema, "sijui. Nimepima mlango. Sijui zaidi ya hapo."

Mama alikuja na uji saa kumi na moja. Alimlisha mkwewe kijiko kwa kijiko, na baada ya kila vijiko vitatu alimpa maji, amwone akimeza. Bakuli lilipoisha akainuka.

"Mimi shuka hazikuwahi kuniudhi, mwanangu," akasema akiwa amempa mgongo, anafunga kopo. "Nimefua shuka tangu sijaota meno ya utu uzima. Nilikuwa nakuona asubuhi unavyonificha uso. Nikasema, ngoja nimpunguzie aibu. Kumbe nampunguzia uhai."

"Mama, mkwe hafuliwi shuka na mama mkwe. Ndiyo maana nilificha."

"Nani kasema?"

"Dunia nzima."

"Dunia nzima ije ifue, basi."

*

Siku ya pili miguu haikuitika. Homa ilishuka, mkojo ukawa mweupe kidogo, lakini Fundi alipopitisha ncha ya penseli kwenye unyayo, vidole vilibaki vimelala kama vya mdoli. Muuguzi aliandika kitu kwenye kadi na hakukisoma kwa sauti. Fundi alirudi nyumbani, akavua shati, akachukua nyundo na tindo, akaanza kuing'oa fremu ya mlango wa chumbani.

Mama alimkuta vumbi limemjaa nyusi. "Unabomoa nini?"

"Naongeza sentimita kumi."

"Za nini?"

Akaipiga tindo nyundo moja zaidi, chokaa ikaanguka. "Mama, unajua za nini."

Mama akamshika kiwiko. Alikuwa mwanamke mfupi, lakini mkono wake ulikuwa wa mfuaji. "Kuna mtu zahanati anakunywa uji. Wewe huku unamchimbia kaburi. Weka nyundo."

"Naogopa, Mama."

"Na mimi naogopa. Nani kakwambia mimi siogopi? Lakini ukitaka kugonga kitu, gonga cha maana. Choo kiko ngazi tisa chini, mgongo wako umekufa, na wewe ni fundi viti. Nikufundishe mimi kazi?"

Fundi alisimama pale, nyundo mkononi, akamtazama mama yake. Kisha akaenda karakana. Mpaka jua linazama alikuwa ametengeneza kiti: mbao ngumu, mikono ya kushikia iliyojaa sponji, kikalio cha ngozi bandia chenye tundu la duara lililopindwa ukingo kwa uzi maradufu, na chini yake reli ya kuingizia ndoo yenye mfuniko. Alikishona vizuri kuliko kochi la mteja yeyote. Alikifuta, akakiweka kando ya kitanda kitupu, akaketi mbele yake, akaogopa upya kwamba amekitengeneza kwa mtu ambaye hataweza hata kukifikia.

Alhamisi asubuhi alifika zahanati amechukua penseli mfukoni. Hakuitumia. Karani alikuwa amekaa, kikombe mkononi, na shuka upande wa miguuni ilikuwa inatikisika.

"Tazama," alisema, anacheka na machozi yanamtoka. "Kidole gumba. Mguu wa kulia. Huyo mwizi kaurudisha."

Jioni alisimama akiwa ameshikwa pande mbili. Mguu wa kushoto bado uliburuza, lakini ulikuwa wake. Muuguzi akamwachia asubuhi ya Ijumaa, si kwa kupenda bali kwa kubembelezwa, na barua mkononi: mgonjwa anywe kidogo kidogo mchana kutwa, lita moja na nusu mpaka mbili, apunguze saa mbili kabla ya kulala, na aruhusiwe kutoka kila anapohitaji. "Safari hii ilikuwa kiu," alimwambia Fundi mlangoni. "Safari nyingine itaweza kuwa Yule kweli. Msikae mkadhani mmejua kuwatofautisha. Njooni."

*

Karani mkuu aliipokea ile barua, akaisoma, akaitia kwenye droo. "Nitaifikisha," alisema. Hakusema lini.

Mahakama iko wazi kwa kila mtu, basi Fundi akaingia, akakaa benchi la nyuma, kati ya ndugu wa mdai na mwanamke aliyebeba mtoto. Hakuwahi kumwona mkewe kazini. Alimwona sasa, mbele ya meza ya juu ya Hakimu, nyuma ya kompyuta, fimbo imelazwa sakafuni, vidole vinakwenda. Pembeni mwake, mahali ambapo kila mtu angeona, alikuwa ameweka chupa ya maji na kikombe. Kila shahidi alipovuta pumzi alikunywa mafunda mawili. Na kwa kila funda Fundi alikaza magoti yake mwenyewe. Alikuwa akiyajua maji yale yanakokwenda. Alijua pia ukumbi ule una urefu gani, maana mkewe alikwisha kumwambia alipoishia mwaka jana.

Saa nne na dakika kumi vidole vya Karani vilisimama. Shahidi, mzee mmoja mwenye koti kubwa, alikuwa katikati ya maneno. Karani aliweka mikono mezani, akajisukuma, akasimama. Mguu wa kushoto ulitetemeka mpaka kitambaa cha sketi kikaonekana kikicheza.

Hakimu alinyanyua macho. "Karani? Kuna nini?"

"Mheshimiwa, naomba mahakama inisubiri dakika nane. Nina ugonjwa wa mishipa ya fahamu. Ninakunywa maji kwa amri ya hospitali, na maji yakishaingia hayaombi ruhusa."

Mtu mmoja akacheka kwenye mabenchi, wa pili akamfuata. Wakili aliyekuwa mbele aliinua mkono kufunika mdomo. Fundi aliona masikio ya mkewe yakibadilika rangi, akaona amebaki amesimama vile vile, hakai, haondoki, anamtazama Hakimu. Kila nukta iliyopita ilikuwa inakula katika zile dakika alizokuwa nazo.

"Sijaiona barua yoyote," Hakimu akasema.

"Ipo kwa karani mkuu, Mheshimiwa. Kwenye droo."

Hakimu akavua miwani. "Dakika nane zinatosha?"

"Nikiwa mkweli, Mheshimiwa, kumi."

"Nenda."

Aliinama, akaokota fimbo, akatoka kwa mlango wa pembeni. Fundi alisikia fimbo ikigonga sakafu ya ukumbi, na mguu ukiburuza baada yake. Gonga, buruta. Gonga, buruta. Halafu kimya. Haikuwa mbali vya kutosha kuwa amefika. Fundi akasimama.

"Mzee, kaa chini," askari wa mahakama akamwambia kwa sauti ya chini.

"Mke wangu yuko nje huko."

"Kaa. Hakimu hajanyanyuka."

Akakaa. Alikaa akijua sasa kwa mwili wake jinsi mtu anavyokaa mahali asipoweza kutoka, huku kitu kinachomhusu kinaendelea ng'ambo ya mlango. Alingoja mlio wa kuanguka. Mtoto wa yule mwanamke alilia, akanyamazishwa. Mawakili walianza kunong'ona habari za bei ya viwanja. Dakika nane zikapita, kumi zikapita. Shahidi aliomba ruhusa ya kukaa, akaruhusiwa. Ya kumi na moja. Fundi alikuwa ameshika benchi la mbele kwa mikono miwili, na mwenye kuliegemea aligeuka akamtazama, akageuka tena mbele bila kusema kitu.

Mlango wa pembeni ulifunguka. Karani aliingia, sketi yake kavu, mikono imelowa mpaka kwenye viwiko kama mtu aliyenawa kwa raha zake. Alitembea mpaka kwenye kiti, akaketi, akalaza fimbo.

Hakimu alitazama saa ya ukutani. "Umesema kumi. Zimekuwa kumi na tatu."

"Ndiyo, Mheshimiwa. Ukumbi ni mrefu."

"Kumbukumbu haiwezi kuwa na pengo. Lazima ionyeshe kwa nini mahakama ilisimama."

Fundi aliona mgongo wa mkewe ukikakamaa. Chumba kizima kilikuwa kinasikiliza, na aliyecheka mwanzo alikuwa ameegemea mbele.

"Niandike, Mheshimiwa?"

"Ndiyo kazi yako."

Karani akaweka vidole. Aliandika huku akisoma kwa sauti, kama walivyozoea pale, ile sauti yake isiyojua kunong'ona: "Saa nne na dakika kumi, mahakama imesimama kwa dakika kumi na tatu. Karani wa mahakama amekwenda haja, na amerudi."

Hakuna aliyecheka. Hakimu akavaa miwani, akamwambia shahidi asimame aendelee. Karani akanyoosha mkono, akajimiminia kikombe kingine, akakinywa chote.

Fundi alishusha pumzi moja. Kisha akaitazama saa ya ukutani, akakihesabia kikombe kile saa moja na nusu, akaanza kuiogopa saa sita.